Taji la Tupokigwe

Sogeeni. Mwenye kikombe cha chai akimalize, mwenye mtoto ampakate vizuri, na yule anayependa kusinzia akae hapa mbele nimwone. Nitawasimulia jambo lililotokea Ilolela, kule kwenye baridi na mashamba ya chai. Nikifika mwisho nitawatupia swali, na jibu la "sijui" silipokei.

Ilolela palikuwa na wanawake wanne, na kila mmoja alijaliwa kitu chake.

Wa kwanza ni Mama Nsajigwa, mkaanga maandazi. Huyu alijaliwa macho na mdomo. Akiwa barazani kwake, mbele ya karai la mafuta, alijua mbuzi wa nani amezaa, binti wa nani amepata mchumba na ni nani amerudi kutoka mjini bila viatu. Watu walimwita Redio. Ukitaka habari yako ifike Tukuyu kabla ya basi, ulimwambia Mama Nsajigwa kwamba ni siri.

Wa pili ni Somoe, afisa ustawi wa jamii wa kata. Alizaliwa Lindi kwenye joto, na baridi ya Ilolela ilimtesa mpaka akawa anavaa sweta juu ya sweta. Somoe alijaliwa kukaa. Msicheke. Wengi wetu tukiingia kwenye nyumba yenye matatizo tunasimama mlangoni, tunatoa ushauri na kuaga. Somoe aliketi. Akipewa kigoda aliketi, akipewa gunia aliketi, na asipopewa kitu aliketi chini, akanyamaza mpaka mwenye nyumba aanze kusema mwenyewe.

Wa tatu ni Anganile, mchuma chai, mjane ambaye hakubahatika kupata mtoto. Yeye alijaliwa mikono. Mtoto aliyewashinda mama yake na bibi yake kwa kulia, akipewa Anganile alinyamaza, akamtazama usoni kama anayemkumbuka.

Wa nne ni Sekela, na yeye alijaliwa ukaidi. Alipoolewa walimpa kipande cha shamba chenye mawe matupu, kipande ambacho hata mbuzi walikipita. Sekela aliyang'oa mawe yale moja moja, akajenga nayo ukuta, akapanda viazi. Msimu uliofuata watu walikuja kununua mbegu kwake.

Sasa sikilizeni.

Sekela alikuwa na watoto watatu. Mkubwa aliitwa Tupokigwe, binti wa darasa la tatu, mwembamba, mwenye sauti nzuri. Wa pili aliitwa Uswege, wa kiume, ndiyo kwanza anaanza kusema maneno yakaeleweka. Wa tatu alikuwa kichanga, aliitwa Lugano. Msimu wa baridi kali Lugano akashikwa na homa ya mapafu, na kabla mama yake hajafika naye hospitali, akafia mgongoni.

Baba wa watoto alisema mke wake amechelewa makusudi. Alisema hivyo mbele ya waombolezaji. Matanga yalipoisha akafunga begi, akaenda kwenye machimbo ya dhahabu Chunya, na habari zake zikaishia hapo.

Basi Sekela akazimika. Sina neno lingine. Aliacha shamba, halafu akaacha kupika, halafu akaacha kuchana nywele. Kitu pekee kilichomtoa kitandani kilikuwa kilabu cha komoni, pombe ya kienyeji, kule njia panda. Aliondoka asubuhi watoto wakiwa hawajala, akarudi jioni hajui kama wamekula.

Ni Tupokigwe aliyeishika ile nyumba. Alimfunga mdogo wake mgongoni kwa kanga ya mama yake, akaenda kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa, akachimbua viazi vilivyosahaulika. Alichemsha ndizi bila chumvi. Aliacha shule bila kumwambia mtu. Na kila aliyemwuliza, "Mama yako yuko wapi?" alimjibu jibu lile lile, haraka, kabla swali halijaisha: "Mama anaumwa, amelala."

Mama Nsajigwa aliyaona yote haya. Aliona jiko la jirani halitoi moshi. Aliona Uswege anakaa kizingitini na nzi usoni, wala hana nguvu ya kuwafukuza. Na kwa kuwa mdomo ulikuwa mdomo, aliyasema. Aliyasema kisimani, akayasema kwa wateja wa maandazi: "Sekela amekuwa mlevi, jamani, mnaona?" Watu wakatikisa vichwa, wakala maandazi, wakaenda zao.

Mpaka asubuhi moja Tupokigwe alipokuja barazani ameshika kikopo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unataka maandazi?"

"Hapana, mama. Naomba mafuta uliyomaliza kukaangia."

"Ya nini?"

"Ya kumpaka Uswege. Anajikuna mpaka anatoka damu."

Mama Nsajigwa akanyoosha mkono achukue kikopo, akaona kiganja cha mtoto kimefungwa jani la mgomba. Akalifungua. Ngozi ilikuwa imeungua na kuchubuka, na jeraha limeanza kutoa usaha.

"Nani amekuunguza?"

"Sufuria. Nilikuwa naipua." Kisha mtoto akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, usimwambie mtu. Watamfunga mama yangu."

Watu wa Ilolela mpaka leo husimulia kilichofuata. Mama Nsajigwa alilitoa karai motoni na maandazi yakiwa hayajaiva. Alipita kisimani bila kusimama. Wanawake wakamwita, "Redio, leo vipi?" hakugeuka. Alikwenda moja kwa moja mpaka ofisi ya kata, akasimama mbele ya meza ya Somoe, na kwa mara ya kwanza maishani akasimulia jambo bila kuongeza chumvi.

Na hakusalimika. Ndugu wa mume wa Sekela walikuja barazani kwake wakamwita mchonganishi. "Umetuvua nguo mbele ya serikali!" Wakawakataza watu wao kununua kwake, na ukoo ule ulikuwa mkubwa. Kwa muda mrefu maandazi ya Mama Nsajigwa yalipoa kwenye beseni. Alipoulizwa kama anajuta, alisema, "Najuta kuchelewa."

Somoe naye hakungoja kesho. Alifika nyumbani kwa Sekela siku ile ile, pamoja na mwenyekiti wa kijiji, na nyuma yao nusu ya kijiji. Mwenyekiti alikuwa mtu mwema lakini mwenye haraka.

"Afisa, mambo yako wazi," alisema. "Huyu mama apelekwe polisi, watoto wapelekwe kwenye kituo cha yatima mjini. Tufunge kikao."

"Mwenyekiti," Somoe alisema, "watoto hawa si yatima. Mama yao yupo ndani. Nakuomba kitu kimoja: waondoe hawa watu uwanjani."

Watu wakaondolewa, wakinung'unika. Somoe akaketi kizingitini, karibu na Tupokigwe. Hakumwuliza kitu. Alifunga vifungo vya sweta la juu, akalalamikia baridi, akamtazama Uswege aliyelala mapajani mwa dada yake na macho yamelegea kwa homa. Tupokigwe ndiye aliyeanza.

"Umekuja kutuchukua?"

"Nimekuja kuona kama mko salama. Uswege ana homa, na mkono wako unahitaji dawa. Leo tutakwenda zahanati, wewe na yeye, pamoja. Sitawatenganisha."

"Na mama?"

"Nitazungumza naye sasa hivi. Na kila nitakalotaka kufanya, nitakuambia kwanza kabla sijalifanya."

Mtoto akafikiri. "Nikikuambia kitu, hutamwambia mtu?"

Hapo wengi wangejibu "ndiyo" ili wapate habari. Somoe akasema, "Hilo siwezi kukuahidi. Ukiniambia jambo linalowaumiza, itabidi niwaambie wale wachache wanaoweza kusaidia. Lakini kisimani halitafika."

Tupokigwe akamtazama afisa yule mwenye masweta mawili, akatabasamu kidogo. Halafu akasema yote. Alisema kwa muda mrefu, macho chini, kama anayetua mzigo kichwani polepole usimwagike.

Kisha Somoe akaingia ndani. Sekela alikuwa amelala ameelekea ukutani. Somoe akaketi sakafuni, akanyamaza. Mwenyekiti alichungulia mara mbili dirishani, akaona afisa ameketi tu, akadhani amesinzia.

Mwishoni Somoe akauliza, "Yule mdogo aliitwa nani?"

Tangu mazishi, hakuna aliyekuwa amelitaja jina lile mbele ya Sekela. Watu walisema "yale yaliyokupata," walisema "msiba wako." Sekela akageuka kutoka ukutani.

"Lugano," akasema. Akalia kilio ambacho kilikuwa kimengoja siku nyingi.

Somoe alimwacha alie. Alipotulia, hakumdanganya. "Sekela, leo watoto hawatalala hapa."

"Unaninyang'anya na hawa."

"Uswege anaumwa na Tupokigwe ameungua. Leo hapa si salama kwao, na wewe unajua. Hiyo ni leo. Ya kesho tutaipanga wawili, mimi na wewe, na nitakuja mpaka unichoke."

Na alikuja kweli. Alimpeleka Sekela hospitali ya wilaya kwa muuguzi wa afya ya akili, akakaa naye kwenye benchi. Alikuja kila wiki na viatu vyenye matope mpaka vifundoni. Wakubwa wake walimwuliza kwa nini asimalize suala lile kwa njia fupi, awapeleke watoto kituoni. Akajibu kwamba mama huyu hajashindwa, amezimika. Katikati ya haya ikaja barua ya uhamisho aliyoiomba kwa miaka: arudi Lindi, kwao, kwenye joto, kwa mama yake mzee. Somoe aliisoma, akavuta sweta, akaandika kuomba uhamisho usogezwe mpaka watoto wale wawe wametulia. Nafasi ile akapewa mwingine. Nyingine haijatokea hadi leo.

Lakini ile siku ya kwanza, watoto walikuwa wamekwisha kutibiwa na hawana pa kulala. Somoe hakutaka wapelekwe mbali. Alitaka nyumba ya karibu, ili mama aweze kuwaona na Tupokigwe arudi shule yake ile ile. Akaingia kwa ndugu wa baba, wakasema chakula hakitoshi. Akaingia kwa jamaa wa Sekela, wakasema nyumba ni ndogo. Ndipo akakumbuka mlango wa Anganile, ambaye mwenendo wake aliujua, na nyumba yake aliwahi kuikagua kwa ajili ya jambo kama hili.

Anganile hakuuliza maswali. Alimpokea Uswege mikononi, akamgusa shingo, akasema, "Huyu anataka uji mwepesi." Akaingia jikoni.

Upele wa Uswege uliisha kwa dawa ya zahanati na maji ya vuguvugu. Hiyo ilikuwa kazi rahisi. Kazi ngumu ilikuwa Tupokigwe. Alikataa mtu mwingine amwogeshe mdogo wake. Alikula akigeukia ukuta. Siku moja Anganile alipotandika kitanda alikuta chini ya godoro viazi vilivyochemshwa, vingine vimeota ukungu. Alivitoa vilivyooza, akasuka kikapu kidogo, akakijaza ndizi mbivu na viazi, akakiweka kando ya kitanda.

"Hiki ni chako," alimwambia. "Kikipungua, nakijaza. Huna haja ya kuniomba."

Tupokigwe alikichungulia kikapu kile kila asubuhi, na kila asubuhi kilikuwa kimejaa. Kisha zikaja siku ambazo alisahau kukichungulia. Jumamosi moja Anganile akamwambia, "Leo niachie mimi Uswege. Nenda kacheze."

"Nikacheze nini?"

Anganile akalazimika kugeuka apeleke uso pembeni. Akaweka kikapu cha chai chini, akafunga kanga vizuri, akachukua kamba ya kufungia kuni, na mama yule mtu mzima akaanza kuruka kamba uani, matiti yakiyumba, mpaka mtoto akacheka, na wenzake wakasikia kicheko wakaja.

Mnaona alivyofanya? Na bado sijasema lililomgharimu. Uswege alikuwa mdogo, na midomo midogo huita inachokiona. Akaanza kumwita Anganile "mama". Mwanamke aliyelisubiri neno hilo ujana wake wote alikuwa akilisikia kila asubuhi, na kila asubuhi alimjibu, "Mimi ni Mama Anganile. Mama yako ni Sekela, na anakuja Jumapili."

Sasa tumtazame Sekela mwenyewe. Usidhani alipona kwa sababu alihurumiwa. Miezi ya mwanzo alikwenda kwa muuguzi, akameza dawa, akaacha komoni, akaja Jumapili amevaa gauni safi. Halafu ikaja siku ambayo Lugano angetimiza mwaka. Jumapili ile alikuja ananuka.

Anganile alisimama mlangoni. "Mama Tupokigwe, rudi kesho. Leo hapana."

"Ni wanangu!"

"Ni wanao. Kwa hiyo rudi kesho."

Tupokigwe alikuwa dirishani. Mama yake alimwona. Wakatazamana, na mtoto akafunga pazia.

Sekela alikwenda mpaka njia panda, watu wakijua anakoelekea. Lakini alipofika mlangoni mwa kilabu alisimama, akageuka, akarudi nyumbani, akachukua jembe. Shamba lake lilikuwa limefunikwa na magugu mpaka ukuta wa mawe hauonekani. Akaanza kulima. Alilima akilia, akalima mpaka mikono ikatoka malengelenge. Kesho yake alirudi kwa Anganile, mkavu, mikono imefungwa vitambaa, akapiga magoti mbele ya binti yake.

"Sitakuambia kwamba sitakosea tena," alisema. "Nakuambia kwamba leo sijanywa. Kesho nitakuja nikuambie tena."

Akaja kesho, na keshokutwa. Kwa kuwa njia ya kwenda hospitali ilipita kilabuni, alijitengenezea njia nyingine bondeni, yenye utelezi na kupanda sana, na hiyo ndiyo aliyoipita jua na mvua. Alimwambia Somoe, "Njoo saa yoyote bila kunipa taarifa. Funua sufuria zangu." Somoe alikuja bila taarifa, akafunua sufuria, akakuta maharage. Akaja tena, akakuta maharage na mboga. Watoto wakaruhusiwa kushinda kwa mama yao, halafu kulala Jumamosi, halafu likizo nzima.

Siku ya kurudi moja kwa moja, mwenyekiti alimvuta Anganile pembeni. "Ukisema unabaki nao, kijiji kizima kitakuunga mkono. Yule amewahi kuwatupa. Wewe umewalea." Na Uswege alikuwa amemkumbatia Anganile shingoni, hataki kuachia.

Anganile alivibandua vile vidole kimoja kimoja, akivibusu, akamweka mtoto mikononi mwa Sekela. "Ndaga," Sekela alisema, yaani asante kwa lugha ya kwao. Anganile akatikisa kichwa. Kesho yake wachuma chai wenzake walimkuta tayari yuko kwenye mistari, kikapu nusu, na kwa wiki nyingi hakuimba pamoja nao.

Miaka ikapita. Maandazi ya Mama Nsajigwa yakaanza tena kuisha kabla ya saa nne. Viazi vya Sekela vikarudi sokoni. Uswege akaanza shule, mtundu, mnene, na kelele zake zikasikika mpaka kisimani. Na Tupokigwe, yule mtoto wa ndizi zisizo na chumvi, akawa kiranja mkuu, akawa kiongozi wa kwaya, na kwenye mtihani wa majaribio wa wilaya nzima jina lake likawa juu ya majina yote.

Ikafika siku ya mahafali ya darasa la saba. Uwanja wa shule ulipambwa kwa migomba na vitambaa. Ngoma zilipigwa. Tupokigwe alisoma risala, na sauti yake ilipopanda juu ya paa za mabati, wachuma chai waliokuwa mlimani waliacha kuchuma wakasikiliza.

Mwalimu mkuu akasimama ameshika taji la maua mabichi. "Shule yetu ina desturi," alisema. "Mwanafunzi bora hupewa taji moja, naye humvisha mtu mmoja aliyemfikisha hapa. Si wawili. Mmoja. Tupokigwe, chukua."

Makofi yakalipuka. Halafu yakapungua, kwa sababu watu walitazama viti vya mbele wakaona wameketi wanne: Mama Nsajigwa, Somoe, Anganile na Sekela.

"Redio! Mvishe Redio!" wanawake wa kisimani wakapiga kelele.

Mama Nsajigwa hakuwa mtu wa kuona haya. Akasimama. "Ninalitaka, sifichi! Kama nisingelitoa karai motoni, huyu mtoto angekuwa wapi? Afisa angejuaje? Anganile angempokea nani? Nilisusiwa maandazi kwa ajili yake!"

"Lakini ulitangulia kumsema mama yake miezi mizima!" sauti ikajibu kutoka nyuma, na watu wakacheka, na Mama Nsajigwa mwenyewe akacheka, akaketi.

"Avishwe afisa," alisema mwenyekiti. "Mimi mwenyewe nilikuwa nakaribia kuivunja familia ile. Yeye ndiye aliyeona kwamba inaweza kusimama. Ameikosa Lindi yake kwa ajili yetu."

Somoe akatikisa kichwa. "Mimi nilikuwa kazini."

"Wangapi wako kazini, na hatuwaoni?" mwenyekiti akamrudishia.

Kutoka upande wa wachuma chai ukapanda wimbo wenye jina la Anganile. Mzee mmoja akasema, "Kumpokea mtoto wa mwenzio ni jambo kubwa. Kumrudisha ukiwa unampenda, hilo nani analiweza?" Anganile hakuinua macho. Aliitazama mikono yake.

Ndipo bibi mmoja aliyekuwa kimya akasema, "Na mama yake? Wale watatu walimsaidia mtoto. Sekela alipigana na nafsi yake, na hakuna aliyeweza kumsaidia kushika lile jembe. Angeingia kilabuni siku ile, kazi ya wote ingemwagika."

"Mimi msinihesabu," Sekela akasema. "Aliyehitaji kuokolewa kutoka kwangu ndiye huyu."

"Ndiyo maana!" bibi akasema. "Ndiyo maana nakuhesabu."

Uwanja ukawa vurugu ya furaha, kila upande na mtu wake, kila upande na vigelegele vyake. Na katikati ya kelele zile, Uswege akapanda juu ya kiti chake, akapaza sauti mpaka mishipa ikamtoka shingoni:

"Dada ajivishe mwenyewe! Yeye ndiye alikuwa ananibeba!"

Watu wakacheka. Halafu kicheko kikakatika, na wengi wakainamisha vichwa, maana mtoto alikuwa hajasema uongo.

Tupokigwe alishuka jukwaani. Alipita mbele ya walimu, akafika kwenye ile safu ya mbele, akasimama mbele ya wanawake wanne, taji limeshikwa kwa mikono miwili, na kwenye kiganja kimoja lile kovu la sufuria likionekana. Machozi yalimtiririka, lakini alikuwa anatabasamu, nao wote wanne walikuwa wanatabasamu, na uwanja mzima unamngoja. Akainua mikono.

Mimi naishia hapo. Aliyemwona akitoa uamuzi hayupo hapa kwetu, na hata angekuwepo ningemziba mdomo.

Maana zamu sasa ni yenu. Wewe hapo mbele, usiniambie taji likatwe vipande. Mwalimu alikwisha kusema ni mtu mmoja. Wewe mama unayefuta macho, na wewe kijana unayejifanya hujali, simameni pale alipo Tupokigwe. Yupo aliyesema alipotakiwa kusema, ingawa alichelewa. Yupo aliyeketi bila kuhukumu, ingawa ilikuwa kazi yake. Yupo aliyependa kisha akarudisha. Yupo aliyeanguka kisha akajiinua. Na yupo aliyembeba mdogo wake mgongoni kabla mkubwa yeyote hajageuka kutazama.

Taji ni moja, na liko mikononi mwako. Je, ungemvisha nani?